Anasema anatafakari, lakini mlango haufunguki

Toleo lililopita niliandika mistari michache kuhusu kukaa kimya na kuvuta pumzi, kama nyongeza tu ya jibu la msomaji aliyekosa usingizi. Barua zilizokuja baada ya hapo karibu zote zinawahusu vijana: wanaojifungia, wanaofumba macho, wanaotoroka kelele. Nimechagua nne. Majina nimeyaondoa. Kwa mgeni wa safu hii, mimi ni muuguzi mstaafu wa afya ya akili, naishi Tanga, na umri niliofikia unaniruhusu kusema mambo bila kuzungukazunguka.

*Shikamoo dada. Kijana wangu ana miaka 20. Matokeo ya Kidato cha Sita yalipotoka Julai hakupata alichotarajia. Wenzake wamekwenda vyuo, yeye amebaki. Mwanzo alikuwa anatoka, anacheza mpira jioni, ananisaidia dukani. Sasa ni miezi yuko chumbani na hedifoni masikioni. Anasema anafanya meditesheni, kuna mtu anamfuata YouTube, nisimsumbue kwa sababu anatafuta amani yake. Usiku halali, mchana ndio analala. Sahani naikuta mlangoni imeguswa kidogo. Baba yake anasema ni uvivu, mlango ung'olewe. Wifi yangu anasema ni jini. Mimi naogopa nisije nikamvuruga kama kweli anajitibu. Nifanyeje? – Mama, Muheza*

Marahaba, mama mwenzangu. Mlango usiung'oe. Na usimwache pia.

Nianze na upande wa mwanao, kwa sababu anayo haki yake. Kukaa kimya kwa makusudi kunasaidia. Mtu akiketi, akavuta hewa taratibu na kuitoa kwa kirefu kuliko alivyoivuta, mapigo ya moyo hushuka na mabega hulegea. Kuna mshipa wa fahamu unaotoka kichwani, unapita shingoni, unashuka hadi kwenye moyo na tumbo, na ile pumzi ndefu ya kutoa ndiyo inayouamsha ufanye kazi yake ya kutuliza. Mambo haya yamo hospitalini siku nyingi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Marekani, alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu. Lakini tazama alivyowafundisha: wiki nane, watu wamekaa pamoja, mwalimu yupo mbele yao, darasa lina saa ya kuanza na saa ya kwisha, na likiisha kila mtu anarudi kwa watu wake.

Hata sisi huku hatukuanza jana. Muislamu anayekaa itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani hukaa msikitini, mahali penye watu. Futari anakula na wenzake, swala anaswali kwa jamaa, na mwezi ukiandama anatoka kwenda kusherehekea Idi na watoto. Mkatoliki anayekwenda kwenye mafungo hupewa padri au sista wa kumwongoza, na siku ya kurudi nyumbani anaijua kabla hajafunga begi. Sijapata kuona mapokeo ya watu wenye akili timamu yanayomwambia kijana aliyevunjika moyo ajifungie peke yake, bila kikomo, na simu.

Kwa hiyo neno "meditesheni" lisikutishe wala lisikufunge mdomo. Uliza hivi: akitoka humo ndani, anatoka na nini? Nilipokuwa kliniki, kijana akikaa mbele yangu na kusema "niko poa tu, dada, natafuta utulivu", nilikuwa namwangalia mkanda kwanza. Umevutwa mpaka tundu la ngapi? Kuna tundu jipya limetobolewa kwa msumari? Halafu kucha. Halafu namwuliza mara ya mwisho alicheka na nani. Aliyetulia kweli anatoka na njaa, anataka chai, anakumbuka kwamba chaja ya jirani hajairudisha. Anayezama haoni tofauti ya Jumanne na Ijumaa. Wako halali usiku, hali, mpira ameuacha, na mambo hayo yana miezi. Sisi kliniki tukiona hali ya namna hiyo imepita wiki mbili tu, tunaanza kuuliza kuhusu sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Hapo umeshapita muda wa kungoja.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui: kukaa peke yako na mawazo yako ni kazi ngumu hata kwa mtu mzima wa afya. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia walitoa taarifa ya jaribio moja la ajabu. Waliwaweka watu chumbani, mmoja mmoja, kwa dakika 15, bila simu wala kitabu. Kulikuwa na kitufe kimoja tu, cha kujipiga shoti ya umeme, shoti ambayo walikuwa wameshaionja na kusema wako tayari kulipa pesa wasiipate tena. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga. Wanawake walikuwa 6 kati ya 24. (Baba watoto, sisemi kitu.) Sasa kama hao walishindwa na robo saa, mwanao aliyeshika akilini matokeo yake na picha za wenzake wako vyuoni anatafuna nini kutoka saa tano usiku hadi alfajiri?

Nikueleze ambacho ningefanya mimi wiki hii.

Mwambie akufundishe. Ndiyo, hiyo hiyo meditesheni yake. Usimwambie kwa kejeli. Mwambie kwamba wewe pia dukani unachoka, usiku mawazo yanakukimbiza, unataka ujaribu. Mtakaa nje, barazani, asubuhi kabla hujafungua duka. Dakika kumi. Yeye ndiye mwalimu, yeye ndiye anashika saa. Hapo utakuwa umemtoa chumbani, umemwamsha asubuhi, umemweka karibu na mtu, na umempa cheo mtoto ambaye tangu Julai anajiona hana thamani. Siku ya kwanza anaweza kukataa. Siku ya pili anaweza kuja na uso umenuna, akakaa dakika tatu akarudi. Zichukue hizo tatu. Mkimaliza, kuwe na chai na kitu cha kutafuna, na kuwe na kazi ndogo ya mikono: kuchambua maharage, kupanga sabuni kwenye shubaka. Pale Lutindi, juu milimani Korogwe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya tangu enzi za Wajerumani, kazi za shamba na za mikono zimekuwa sehemu ya tiba miaka mingi. Mikono ikipata kazi, kichwa kinapumua.

Sahani usiiache mlangoni tena. Ingia nayo, kaa chini, kula naye hata kama mtakula kimya. Simu usiipokonye, utaanzisha vita. Omba tu ilale sebuleni usiku, na yako pia ilale hapo.

Kuna swali moja lazima uulize, nalo litakuwa gumu mdomoni. Muulize kama amefikia kutamani asiwepo, au kufikiria kujiua. Sema kwa maneno hayo hayo, kwa sauti ya kawaida. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kijana mwenye wazo hilo mara nyingi anapata nafuu kwamba hatimaye kuna mtu amelitaja. Akisema ndiyo, usimhubirie na usimwache peke yake siku hiyo. Mnakwenda hospitali pamoja, leo leo. Kabla hata hujauliza, dawa ya panya, dawa za shamba na vidonge vya watu wazima viwekwe chini ya kufuli, na ufunguo uwe kwako.

Hata akisema hapana, kliniki mwende. Anza na hospitali ya wilaya, au njooni hospitali ya Bombo hapa Tanga. Ziara ya kwanza ni mazungumzo. Si kila anayefika anapewa vidonge, na anayepewa hapewi kwa sababu ni kichaa. Ushauri nasaha, dawa ikihitajika, na huo ukimya wenu wa barazani, vyote vinakaa pamoja bila kugombana.

Wifi yako naye anampenda mtoto, usigombane naye. Shekhe akimsomea dua, mchungaji akimwombea, hiyo ni faraja. Yeyote atakayetaka kumfunga kamba, kumnyima chakula au kumwambia aache kliniki, huyo mfungie geti. Baba yake mwombe jambo moja tu: jioni mpira ukiwapo kwenye televisheni, agonge mlango na kuuliza "unakuja?", kisha akae aangalie mechi bila kutaja chuo.

*Shikamoo bibi. Nina miaka 22, nasoma chuo Dodoma. Kuna jambo nilifanyiwa na ndugu wa karibu nikiwa mdogo, sijamwambia mtu. Rafiki yangu amenishauri nikae kimya nifumbe macho niangalie pumzi, yeye imemsaidia. Mimi nikifumba macho tu picha zinarudi, natetemeka, siku moja nilitapika. Rafiki anasema nivumilie, ndiyo uponyaji unaanza. Ni kweli? – Msichana, Dodoma*

Marahaba mjukuu wangu. Si kweli. Acha kufumba macho, kuanzia leo.

Rafiki yako hana nia mbaya, na wewe huna upungufu wowote. Kwa mtu mwenye kumbukumbu ya namna yako, giza na kimya vinaweza kuifungulia mlango kabla hajapata wa kumshika mkono. Anayesema uvumilie hadi utapike hajui anachosema.

Zikija picha, fanya kinyume. Macho wazi. Simama, nyayo zote mbili ziguse sakafu, hata kama ni sakafu baridi ya bweni, ndiyo nzuri zaidi. Shika kitu chenye umbo: kikombe, ufunguo, pindo la kanga. Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona. "Ndoo. Pazia la bluu. Daftari." Halafu sema leo ni siku gani, uko wapi, una miaka mingapi. Pumzi itoe polepole kama unapoza uji, usiibane. Ikiwa kuhesabu pumzi kwenyewe kunakutia hofu, achana nako, tembea. Kutembea na mtu mnayeelewana, bila kuzungumza sana, ni utulivu unaohesabika pia.

Halafu mtafute mtu mmoja mwenye mafunzo. Chuoni uliza ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Hapo Dodoma mna Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na najua jina hilo linavyotaniwa mitaani, lakini ina kliniki ya wagonjwa wa nje. Unaingia, unaongea, unarudi darasani. Huna wajibu wa kusimulia yote siku ya kwanza. Sentensi hii inatosha: "Nilifanyiwa jambo nikiwa mtoto na sasa linanirudia." Ukitaka kushitaki, leo au mwakani, kwenye vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, uamuzi ni wako na wakati ni wako. Ila kama huyo ndugu anaishi na watoto wengine sasa hivi, mwambie mshauri wako hilo mapema, kwa sababu wao hawawezi kungoja. Namba 116 ya simu kwa watoto haina malipo, na mtu mzima pia anaweza kuipiga kwa ajili ya mtoto.

Niandikie tena. Sitachapisha.

*Bi Muuguzi, salamu kutoka Kilifi. Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya bweni. Wanafunzi wetu wana msongo mwingi: karo, mitihani, mambo ya nyumbani. Nimependekeza kila usiku baada ya masomo ya jioni shule nzima, wanafunzi 600, wakae ukumbini dakika 20 kimya kabisa, macho yamefumbwa. Atakayeongea atapewa adhabu. Mwalimu mkuu amekubali. Una la kuongeza? – Mwalimu*

Mwalimu, heshima yako. La kuongeza sina, nina la kupunguza. Futa adhabu. Futa macho yamefumbwa. Umeshaisoma barua iliyo juu ya yako, na katika wanafunzi 600 hutakosa wengine wenye siri kama ile. Futa na lazima.

Waingereza walilijaribu jambo hili kwa upana kuliko mtu mwingine yeyote ninayemfahamu. Zaidi ya wanafunzi 8,000 wa sekondari, wengi wa miaka 11 hadi 14, utafiti ulioitwa MYRIAD, matokeo yakatolewa mwaka 2022. Shule nyingine zilifundisha utulivu wa akili darasani, nyingine ziliendelea na masomo yao ya kawaida ya malezi. Mwisho wa yote, wanafunzi wa upande huu hawakuwa na afya ya akili bora kuliko wa upande ule, na kulikuwa na dalili kwamba wale waliokuwa hatarini tangu mwanzo hawakufaidika, pengine ilikuwa afadhali wasingefundishwa. Wengi hawakufanya mazoezi nyumbani kabisa. Iliwachosha. Walionufaika kidogo walikuwa walimu! Hilo mimi silichukulii kama mzaha: anza na chumba cha walimu.

Ya karibu na kwenu ni kazi ya shirika la Shamiri, huko huko Kenya. Vijana waliomaliza sekondari juzi juzi wanapewa mafunzo, kisha wanaketi na vikundi vidogo vya wanafunzi, vipindi vinne vya saa moja moja. Wanazungumzia kwamba mtu anaweza kubadilika, mambo anayoyashukuru, na mambo anayoyathamini. Jaribio lao lililochapishwa mwaka 2021 lilionyesha sonona na wasiwasi vikipungua kwa wanafunzi wale. Hakuna aliyeamriwa kunyamaza. Waliongea.

Ningekuwa wewe ningetafuta chumba kimoja cha darasa, taa ya kawaida, mkeka, mlango usiofungwa kwa komeo. Anayetaka aingie baada ya masomo, akae, asome, achore, avute uradi, asali rozari, au asinzie. Wewe au matroni mkae humo humo, mkisahihisha madaftari. Watakuja kumi na wawili, na mmoja wao atabaki nyuma wenzake wakitoka, atajifanya anatafuta kalamu. Huyo ndiye uliyemfungulia chumba. Na ukumbini, badala ya kimya cha lazima, wapeni hizo dakika 20 walale. Mtoto anayeamshwa saa kumi alfajiri akasome, dawa yake ya kwanza ni usingizi, na hilo mwalimu mkuu analiweza bila semina.

*Mama, naitwa jina langu halina maana, naendesha bodaboda Pangani. Nina 24. Jioni nikimaliza kazi naegesha pikipiki karibu na ufuo, nakaa peke yangu nusu saa hivi naangalia maji, simu nimezima. Nikitoka hapo hasira zote za abiria zimeisha. Tatizo mama mzazi anasema mtu anayekaa peke yake baharini magharibi ana lake jambo, ameanza kuita watu wanishauri. Mimi ni mgonjwa?*

Mwanangu, unakula? Unalala? Marafiki unao? Ukitoka ufukweni unarudi nyumbani ukiwa na hamu ya kuongea na watu? Kama majibu ni ndiyo, huna ugonjwa wowote, na natamani abiria wote wa Tanga wabebwe na dereva aliyetoka kukaa nusu saa kwenye upepo.

Ila mama yako naye tumwelewe. Anaona mtoto wake anakwenda kwenye maji jua likizama, simu imezimwa, na hajaambiwa chochote. Hofu yake hiyo mimi ningekuwa nayo pia. Mwambie unakwenda wapi na unarudi saa ngapi. Simu usiizime, punguza mlio tu. Na Jumapili moja mpakie nyuma ya pikipiki mwende wote akaone unapokaa. Akianza kuongea sana, mnunulie muhogo wa kukaanga.